Chuo cha Mwanga na Mafundi wa Kongo

Wasikilizaji wangu wa Kawangware, wa Kongo, wa Gatina, wa 46 na 56, nanyi wa Kibera mlio ng'ambo ya Ngong Road, kuanzia Makina na Laini Saba hadi Gatwekera na Silanga, leo nina ombi moja, na nitalitetea mpaka dakika zangu ziishe: Kenya ianzishe chuo cha wahandisi wa mwanga, na mafundi wa mitaa hii wawe na mlango wao ndani ya chuo hicho tangu siku ya kwanza.

Wahandisi wa mwanga ni watu gani? Ni wale wanaobuni na kutengeneza lenzi, kamera, leza, nyuzi za kioo zinazobeba intaneti, vipimo vya hospitali vinavyosoma damu bila sindano, macho ya setilaiti, na mashine zinazokata chuma kwa mwali wa mwanga. Elimu yao inaitwa optiki, na tawi lake linaloshughulika na leza na vifaa vya kielektroniki vya mwanga huitwa fotoniki. Ziko nchi zenye vyuo vizima vya uzamili ambavyo kazi yao ni hiyo tu. Afrika Mashariki haina hata kimoja.

Najua yuko atakayesema: wewe bwana, sisi huku tunanunua maji kwa mtungi, mtaro umeziba tangu mvua za Aprili, nawe unatuletea habari za leza. Namjibu kwamba leza imetufikia kabla ya maji. Ukiwa Naivasha Road, pale steji ya Kongo, inua macho utazame nguzo. Zile waya nyeusi zilizojazana chini ya waya za stima, zikivuka barabara na kuingia vichochoroni, nyingi hazina shaba ndani. Zina kioo, na ndani ya kioo hicho, mchana na usiku, inapita mianga ya leza isiyoonekana kwa macho. Mama anayempigia video bintiye aliye Doha anazungumza naye kwa leza. Kijana anayeangalia mechi kwenye kibanda cha mabati anaiangalia kwa leza.

Majuzi nilisimama kando ya fundi mmoja kijana aliyekuwa ameketi juu ya debe nyuma ya duka la M-Pesa, akiunga waya iliyokatwa na lori la mchanga. Alichuna ganda jeusi, akatoboa mrija wa ndani, zikatoka nyuzi 12, kila moja na rangi yake. Akanitajia bila kuzitazama: bluu, machungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi, samawati. Alizitaja kwa pumzi moja, kama mtoto wa madrasa anavyopita kwenye alifu na bee. Uzi mmoja ukishavuliwa rangi yake ni kioo chenye unene wa maikroni 125, yaani ukilaza nyuzi 8 ubavu kwa ubavu utapata milimita moja. Na mwanga haupiti kwenye unene wote huo. Unapita kwenye kiini cha katikati chenye upana wa maikroni 9 hivi. Kazi ya huyu kijana, pale juu ya debe, vumbi la magari likipita, ilikuwa kuvikutanisha viini viwili vya upana huo, kimoja kimtazame mwenzake bila kwenda upande.

Akafuta uzi kwa spiriti. Akaukata kwa kikatio maalumu kinachoacha ncha iliyonyooka sawasawa. Akaulaza ndani ya mashine ya kuunga, mkabala na mwenzake, akafunika kifuniko. Kwenye skrini ndogo tukaziona ncha mbili zikisogeleana, zikipanda na kushuka mpaka zikalingana, kisha cheche ya umeme ikaziyeyusha zikawa uzi mmoja. Mashine ikaandika hasara ya mwanga kwenye kiungo: desibeli 0.02. "Hiyo ni safi," akasema. Vipande vya kioo vilivyobaki alivitia kimoja kimoja ndani ya chupa ya soda, kwa sababu kikiingia kwenye ngozi hukioni na kukitoa ni taabu.

Halafu akachomeka kalamu ya leza nyekundu kwenye waya nyeupe iliyoingia dukani. Pale waya ilipokuwa imepindwa kwa nguvu na kubanwa na msumari, pakang'aa wekundu. "Ona, mzee. Inavuja hapa." Nikainama nichungulie ncha nyingine iliyokuwa wazi, akanishika mkono. "Hiyo usiangalie. Hii ya kampuni huwezi iona na macho, lakini inaumiza."

Kwa nini mwanga unavuja penye kona kali? Nilimuuliza, akasema anajua tu kwamba unavuja. Jibu liko kwenye fizikia ya Kidato cha Tatu. Mwanga ulio ndani ya kioo ukigonga ukuta wa kiini kwa kulalia, hauwezi kutoka. Unarudishwa ndani wote, kisha unagonga upande wa pili, unarudishwa tena, na ndivyo unavyosafiri. Ukipinda uzi kupita kiasi unabadilisha pembe ya kugonga, na mwanga unapata njia ya kutoroka. Yeye fizikia aliiacha kabla ya kufika hapo, maana shule yake haikuwa na maabara. Kazi hii ameijua kwa kumbebea ngazi fundi mwingine mpaka alipoaminiwa mashine. Mikono yake inafanya jambo ambalo mhandisi mwenye shahada hulisoma kwenye kitabu, na hakuna mahali katika nchi hii ambapo hao wawili wanakaa meza moja.

Sasa tuufuate ule mwanga unakokwenda. Ukitoka kwenye kisanduku cha kugawa mwanga kilicho juu ya nguzo, ambacho hupokea mwali mmoja na kuugawa kwa nyumba 32 au zaidi, unafika kwenye mtambo wa kampuni, unaingia kwenye njia kuu, unashuka hadi Mombasa na kuzama baharini. Mwezi Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikwenda Mombasa kuupokea mkongo wa intaneti wa TEAMS, uliolazwa chini ya bahari kutoka Fujairah, katika Falme za Kiarabu, safari inayokaribia kilomita 5,000. Mwezi uliofuata mkongo wa SEACOM ukaanza kazi, na mwaka 2010 ukaja EASSy. Kabla ya hapo intaneti yetu ilipanda angani kwenda kwenye setilaiti na kushuka tena, ghali na ya kusuasua. Ndani ya kioo mwanga huenda takriban kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo kutoka Mombasa hadi Fujairah unatumia kama sehemu 25 za elfu ya sekunde.

Mwaka uleule wa 2009, mwezi Oktoba, nusu ya Tuzo ya Nobel ya fizikia ilimwendea Charles Kao, mhandisi aliyezaliwa Shanghai na kufanya kazi Uingereza. Mwaka 1966, yeye na mwenzake George Hockham waliandika kwamba kioo kinaweza kubeba mazungumzo ya simu mbali sana, mradi kisafishwe. Kioo cha wakati huo kilimeza mwanga vibaya mno. Kao aliweka lengo: hasara isizidi desibeli 20 kwa kilomita, maana yake kwenye kila sehemu 100 za mwanga zinazoingia, baada ya kilomita moja ibaki sehemu 1. Hata lengo hilo lilionekana la ndoto. Leo uzi mzuri wa kioo, yaani faiba, hupoteza desibeli 0.2 hivi kwa kilomita. Kwa lugha nyepesi, ule mwanga ambao Kao aliomba ubaki baada ya kilomita 1, sasa unabaki baada ya kilomita 100. Na chini ya bahari, kila baada ya makumi kadhaa ya kilomita, kuna kikuzaji chenye uzi wa kioo uliotiwa madini ya erbiamu, kinachouongezea mwanga nguvu bila kuubadilisha kwanza kuwa umeme. Kikuzaji hicho kilivumbuliwa miaka ya 1980, na chuo kikuu cha Southampton nchini Uingereza kilikuwa mstari wa mbele.

Mnakumbuka Mei 2024, siku ya Jumapili, intaneti ilipolegea Nairobi nzima hadi Dar es Salaam? Mikongo miwili, EASSy na SEACOM, ilikuwa imekatika baharini upande wa Afrika Kusini. Kwa siku kadhaa tulingoja meli ya matengenezo na wataalamu wake. Mimi sisemi kwamba tungekuwa na chuo mikongo isingekatika. Nasema tulingoja bila kujua tunangoja nini, na nchi inayotegemea kitu kwa kiasi hicho inapaswa kuwa na watu wake wanaokijua mpaka kiini.

Nataka niwapeleke Ufaransa kidogo, kwa sababu huko kuna kisa ambacho kinatuhusu kuliko kinavyoonekana.

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza 1914, jeshi lilihitaji macho: darubini za maofisa, vioo vya kulengea mizinga, kamera za kupiga picha kutoka kwenye ndege, periskopu za nyambizi. Na bingwa wa kioo cha lenzi duniani alikuwa Ujerumani. Mjini Jena, Carl Zeiss, Ernst Abbe na Otto Schott walikuwa wameunganisha karakana, hesabu na kiwanda cha kioo, na wengine wote walizoea kununua kwao. Ghafla muuzaji akawa adui. Ni vita hivyohivyo vilivyowakokota babu zetu kubeba mizigo ya jeshi hadi Tanganyika, wale ambao kumbukumbu yao imebaki mtaani Kariokor. Wafaransa walitambua kwamba hawana watu wa kutosha wanaojua kubuni lenzi, hawana wa kutosha wa kuzisugua, na hawana mahali pa kuzipima. Mwaka 1917 ukaanza mpango wa Taasisi ya Optiki. Mbele ya mpango huo alikuwa Armand de Gramont, mwanasayansi na mwenye kiwanda cha vyombo vya macho, na mkurugenzi wa kwanza akawa Charles Fabry, mwanafizikia aliyetambulika dunia nzima kwa kazi yake ya kupima mawimbi ya mwanga. Miaka michache baada ya vita masomo yakaanza Paris.

Sikilizeni jinsi walivyoipanga. Waliweka sehemu tatu. Ya kwanza, shule ya juu ya kuwafunza wahandisi. Ya pili, maabara ya majaribio, ambako viwanda vinaleta lenzi na vyombo vyao vipimwe. Ya tatu, shule ya ufundi, ya kuwafunza vijana kusugua kioo, kukiunga na kukifunga kwenye chombo. Msomi wa hesabu za mwanga na kijana mwenye vidole vilivyojaa unga wa kusugulia walikuwa wa taasisi moja. Hilo ndilo jambo ninalolihusudu. Ukiwa na wasomi pekee utapata makala nzuri na kuendelea kununua lenzi ng'ambo. Ukiwa na mafundi pekee utaunga waya za watu wengine maisha yako yote.

Uingereza ilifanya hesabu kama hiyo mwaka huohuo wa 1917, Imperial College mjini London ikafungua idara ya optiki ya kiufundi. Marekani ikafuata 1929 mjini Rochester, mji wa Kodak na wa Bausch & Lomb, na kampuni hizo mbili ndizo zilizosaidia kwa fedha. Hakuna hata kimoja cha vyuo hivi kilichoanzishwa kwa fahari. Vilianzishwa kwa upungufu uliouma.

Ile ya Ufaransa bado ipo. Makao yake yako Palaiseau, kusini mwa Paris, na ina matawi Saint-Étienne na Bordeaux. Mwaka 2006, ilipohama kutoka jengo lake la zamani pale Orsay, jengo namba 503, ililigeuza kuwa mahali pa wanafunzi kuanzishia kampuni zao: mwanafunzi anasoma, na mlango wa pili ana meza yake ya kutengenezea bidhaa. Na mmoja wa walimu wake, Alain Aspect, ni mshindi wa Nobel ya fizikia ya 2022. Aspect, baada ya masomo yake ya kwanza, alikwenda kufundisha Yaoundé, Kameruni, kwa miaka mitatu, kuanzia 1971 hadi 1974. Mchana alifundisha, na muda uliobaki alijisomea kwa kina fizikia ya kwantamu, ile ya chembe ndogo kabisa, kutoka kitabu kipya cha wakati huo. Aliporudi Orsay akafanya, miaka ya mwanzo ya 1980, yale majaribio ya jozi za fotoni, yaani chembe za mwanga, yaliyomletea tuzo. Nawaambia hili walimu wa fizikia wanaonisikiliza Kibera na Kawangware, wanaofundisha mchana na kusahihisha madaftari usiku kwa taa ya simu: kazi iliyofika Stockholm ilipata sehemu ya mizizi yake katika chumba cha mwalimu, Afrika.

Nirudi nyumbani. Je, sisi tumewahi kujenga shule kwa ajili ya teknolojia moja? Tumewahi. Mwaka 1948, kule Mbagathi kwenye barabara ya Magadi, ilianzishwa shule kuu ya mafunzo ya posta na simu kwa ajili ya Kenya, Uganda na Tanganyika. Vijana wa nchi tatu walikuja pale kujifunza kupanda nguzo, kuunga shaba na kuendesha mitambo ya simu. Leo ni Chuo Kikuu cha Multimedia. Kwa hiyo wazo la kuwafunza watu wa waya, kwa pamoja, kwa ajili ya kanda nzima, lina zaidi ya miaka 70 hapa hapa Nairobi. Shaba imeondoka, kioo kimeingia, na wazo lile halikuhamia kwenye kioo.

Na vyuo vya uhandisi vya uzamili tunavyo katika kanda, vya jumla. Arusha kuna Taasisi ya Nelson Mandela, iliyoanza kupokea wanafunzi 2011. Juja, ndani ya chuo kikuu cha JKUAT, kuna taasisi ya Chuo Kikuu cha Pan-Afrika. Na kule Konza serikali imejenga, kwa mkopo wa Korea Kusini, chuo cha uzamili kinachofuata mfano wa KAIST ya Korea. KAIST yenyewe ilianzishwa 1971, Korea ikiwa bado maskini, kwa mkopo wa Marekani, kwa lengo la kuwafunza wahandisi wa ngazi ya juu nyumbani badala ya kuwapoteza ng'ambo. Cha Konza kilipangiwa idara sita: uhandisi wa mitambo, wa umeme na elektroniki, wa TEHAMA, wa kemikali, wa ujenzi, na bioteknolojia ya kilimo. Fotoniki haikuwekwa kwa jina lake. Naona hapo ndipo pa kuanzia. Sihitaji jengo jipya lenye utepe wa kukatwa. Nahitaji idara ya saba, yenye maabara za mwanga, na iwe na zile sehemu tatu za Wafaransa.

Kuna watakaosema tutafute watu wa nje tukihitaji. Aprili 15, 2023, setilaiti ya Taifa-1 ilirushwa kutoka California. Wahandisi Wakenya waliibuni, na wakaijenga pamoja na kampuni ya Bulgaria. Kazi ya setilaiti ile ni kutazama: mashamba, misitu, mafuriko. Moyo wake ni kamera. Nafurahi kwa dhati kwamba vijana wetu waliipanga safari yake, na kwa sababu nafurahi nataka ijayo iwe na jicho lililosuguliwa na kupimwa hapa.

Lakini hoja inayonigusa zaidi iko kidoleni. Wakati wa korona, wengi wenu mlibanwa kidole na kile kifaa kidogo chenye taa nyekundu, kikaandika asilimia ya oksijeni. Kifaa hicho ni optiki tupu. Kinapitisha mianga miwili kwenye nyama ya kidole, mwekundu na wa infraredi usioonekana, kisha kinalinganisha kiasi kilichofyonzwa na damu, kwa kuwa damu yenye oksijeni na isiyo nayo hufyonza mianga hiyo tofauti. Wazo lilitoka Japani mwaka 1974, kwa mhandisi Takuo Aoyagi, na limeokoa watu wasiohesabika. Sasa, mwanga ule kabla ya kuifikia damu unapita kwenye ngozi, na rangi ya ngozi nayo hufyonza mwanga. Desemba 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan walichapisha hesabu. Waliwachukua wagonjwa ambao kifaa kilisema wana oksijeni ya asilimia 92 hadi 96, yaani hawana hatari kubwa, wakalinganisha na damu iliyochotwa kwenye mshipa. Kwa wagonjwa weupe, asilimia 3.6 walikuwa na oksijeni chini ya 88 bila kifaa kugundua. Kwa wagonjwa weusi, asilimia 11.7.

Tafakarini hilo. Mgonjwa mwenye ngozi kama yangu alikuwa na uwezekano mara tatu zaidi wa kuambiwa yuko salama naye anazama. Hakuna aliyekusudia ubaya. Waliotengeneza vifaa walivipima zaidi kwa ngozi zilizowazunguka. Ndiyo maana nasema kuwa na wahandisi wa mwanga hapa si anasa. Maabara ikiwa Konza au Juja, watu watakaopimiwa kifaa kipya asubuhi ya kwanza ni watu wa rangi zetu zote, kuanzia Turkana hadi Lamu, na kosa kama hilo litaonekana kabla ya kifaa kufika wodini.

Na macho yenyewe je? Sokoni Toi na hapa Kawangware miwani ya kusomea inauzwa kwenye meza ya mbao, imepangwa kwa namba: +1.00, +1.50, +2.00, kuendelea. Wengi wanachagua kwa kujaribu gazeti la siku nyingi. Namba ile ni kipimo cha kweli, na unaweza kukihakiki nyumbani. Miwani ya +2.00 hukusanya mwanga wa kitu cha mbali kwenye umbali wa nusu mita; +1.00, mita nzima; +4.00, robo mita. Simama mkabala na dirisha, mbali nalo, shika miwani mbele ya ukuta mweupe, isogeze mpaka picha ya dirisha itokee juu chini na kali, kisha pima kwa rula kutoka lenzi hadi ukutani. Ikiandikwa +2.00 na picha ikatulia kwenye sentimita 35 au 80, umeuziwa namba ambayo si yake. Haya ni mambo ambayo ile sehemu ya pili ya chuo, maabara ya kupima, ingefanya kwa vyombo bora na kwa maelfu: miwani, waya za faiba zinazouzwa kwa bei ya kutupa, kalamu za leza wanazochezea watoto na ambazo nyingine zina nguvu ya kuharibu jicho. Shirika la viwango lina kazi yake kubwa ya kitaifa. Ninayoitaka ni maabara ambayo fundi wa mtaani anaweza kuingia kwa mguu na mkebe wake, akapimiwa akingoja.

Kazi ya aina hii tumeshaonyesha kwamba tunaiweza. Kule Trans Nzoia, katika shule 25 kati ya 50 za utafiti mmoja, walimu wa kawaida walifunzwa kupima macho ya wanafunzi kwa programu ya simu. Mtoto aliyeonekana ana shida alipewa picha inayoonyesha ubao unavyoonekana kwa macho yake, ampelekee mzazi, na mzazi akatumiwa ujumbe wa kukumbusha. Matokeo yalichapishwa 2018: katika kundi lile, asilimia 54 ya watoto waliotumwa hospitalini walifika. Katika shule zilizotumia chati na barua za kawaida walifika asilimia 22. Daktari wa macho Hillary Rono, wa Kitale, aliongoza utafiti huo. Picha moja ya ubao uliofifia ilimfanya mzazi aone kwa macho ya mwanawe. Na bado, lenzi ya kumrekebishia mtoto yule huagizwa kutoka nje.

Fedha zitatoka wapi? Vifaa vya optiki ni ghali, sikatai. Lakini kampuni za intaneti zinazopigania kila nyumba ya Kongo na kila ploti ya Kibera zinahitaji mafundi zaidi kila mwaka, na Rochester ilianza kwa fedha za kampuni mbili zilizohitaji watu. Serikali nayo imeahidi kilomita 100,000 za faiba nchi nzima. Kila kilomita ina viungo, kila kiungo kina mtu. Tengeni sehemu ndogo ya fedha za nguzo iende kwa watu watakaozitunza.

Na tusingoje Konza. Sehemu ya tatu, shule ya ufundi, inaweza kuanza hapa karibu, kwenye taasisi ya kiufundi ya P.C. Kinyanjui upande wa Riruta, au kwenye chuo chochote cha ufundi kitakachokubali. Chumba kimoja chenye meza imara, mashine mbili za kuunga, kipima nguvu ya mwanga, kifaa kinachotuma mpigo wa mwanga ndani ya uzi na kusoma mwangwi wake ili kujua ulipokatika, benchi la lenzi, na mwalimu mmoja anayejua fizikia na asiyedharau debe. Fundi aliyefanya kazi miaka mitano apimwe kwa alichokijua, apewe cheti, na cheti hicho kimfungulie njia ya stashahada, kisha shahada, mpaka Konza akitaka. Binti wa Kidato cha Nne anayependa fizikia aone kwamba barabara hiyo inaanza mtaani kwao.

Wabunge wa Dagoretti na Kibra wamekuwa na fedha za karo kutoka mfuko wa majimbo, NG-CDF. Waulizeni, wakija kuomba au kushukuru kura, wametenga karo ya wanafunzi wangapi wa fani hii, na kama hawaijui, waelezeni. Nanyi wenye kampuni za intaneti, mnaofahamu namba za wateja wenu kuliko mimi, nambieni ni wahandisi wangapi wa mwanga mngewaajiri kesho.

Laini za studio ziko wazi sasa. Nataka kusikia walimu wa fizikia, wauza miwani, wazazi. Ila wa kwanza hewani awe fundi wa faiba, atuambie ni kitu gani angependa kufundishwa ambacho hajapata wa kumfundisha.